Kitabu cha Wasiojua Kitu

Sanduku la Baba lilikaa miezi miwili kwenye kona ya sebule yangu bila kufunguliwa. Mtu aliyechukua karakana yake kule Nyasho, Musoma, alilituma kwa basi, limefungwa kamba ya katani, na juu yake ameandika jina langu kwa chaki. Nikawa nalipita asubuhi nikienda kazini, nalipita jioni nikirudi. Wanangu walilizoea, wakawa wanatupia mikoba ya shule juu yake. Nilijua ndani kuna nini: randa mbili, patasi, msumeno wenye mpini uliozungushiwa mpira, na chini ya vyote hivyo ubao wa sataranji. Huo ubao ndio ulionifanya nisilifungue.

Jumamosi moja nililifungua. Harufu ya mvule ikanipanda puani kabla sijaona kitu. Si harufu tamu. Mvule una ukali wake, unakukereketa mpaka upige chafya, na Baba alipiga chafya maisha yake yote bila kusimamisha randa. Nilipiga chafya mara tatu, nikakaa chini sakafuni, nikalia kama mtoto. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya kumzika.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Musoma ya enzi zile. Maduka yalikuwa na shelfu nzuri, za mbao nzito, na juu ya shelfu hakuna kitu. Sabuni ilikuwa habari ya kunong'onezana. Tulifulia majani ya mpapai, na sukari ikipatikana mnagawiana kwa kijiko. Kwa seremala kama Baba, balaa kubwa lilikuwa misumari. Hakukuwa na misumari mjini. Aling'oa ya zamani kwenye milango iliyooza, kwenye maboksi, kwenye mitumbwi iliyokufa pale ufukweni Mwigobero, na kazi ya kuinyoosha ilikuwa yangu kila likizo. Nilikaa juu ya kigoda, jiwe mbele yangu, nyundo ndogo mkononi, nikigonga msumari mmoja baada ya mwingine. Baba aliupokea, akafumba jicho moja, akauangalia kwa urefu wake wote, kisha akasema, "Huu umepona." Ule usiopona aliurudisha bila maneno.

Sataranji ilikuja katika enzi hizo. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, akamwomba Baba amtengenezee maboksi ya kusafirishia vitabu. Alipoondoka alimwachia kisanduku kinachokunjuka, nje kina miraba myeusi na myeupe, ndani kina kete. Baba alilijua jina la mchezo kutoka kwa babu yake, mtu wa Tabora aliyekuja Mara na biashara ya nguo, lakini hata huyo babu hakuwahi kuucheza. Kete moja nyeupe ilikuwa imepotea. Baba alimtazama mwenzake mweusi siku nzima, akashika kisu na patasi, akaichonga upya kwa mvule, ndefu, yenye taji. Haikuwa nyeupe wala nyeusi, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliipenda kuliko zote.

Wanaume waliokuja karakana kupiga soga walijaribu kuicheza kama drafti. Hao walikuwa mabingwa wa drafti ya vizibo vya soda, hakuna wa kuwafundisha kitu. Lakini walifika mahali wakakwama kwa sababu ya yule mnyama mwenye shingo. Farasi Musoma hakuna aliyekuwa amemwona. Tulimwita punda, na kila mtu alikuwa na maoni yake kuhusu namna punda anavyotembea. Siku moja nusura wapigane. Baba akafunga kisanduku, akakiweka juu ya kabati.

Sasa niseme kwa nini mimi nilikuwa wa likizo tu. Mama alifariki nikiwa darasa la kwanza. Baba alikuwa anaishi kwenye chumba kimoja ndani ya karakana, kitanda chake kimezungukwa na mbao, na Bibi, mama yake Mama, alikuja kutoka Butiama akatazama kile chumba akasema, "Mtoto wa kike halalagi kwenye maranda." Akanichukua. Hata jina akanibadilisha. Kwa Baba niliitwa Zuhura, jina la mama yake mzazi, na ndiyo maana mwenyewe aliniita "mama". Kwa Bibi nikawa Nyamisi. Nilimpenda Bibi. Lakini kila likizo ilipokaribia kwisha, tumbo lilianza kuniuma siku tatu kabla, na hakuna dawa iliyolituliza.

Jioni moja ya mwisho wa likizo, Baba alishusha kisanduku kukifuta vumbi. Nikamuuliza swali langu la kila siku.

"Baba, lini nitakaa huku moja kwa moja?"

Hakuniangalia. Aliendelea kufuta miraba.

"Siku utakayonifundisha huu mchezo, mama. Siku hiyo hurudi tena Butiama."

Leo najua hayo yalikuwa maneno ya mtu mzima anayekwepa swali linalomuumiza. Wakati ule nilisikia sharti, nikalibeba hivyo hivyo hadi Butiama. Kati yangu na nyumba ya Baba hakukuwa na kitu kingine isipokuwa mchezo ambao hakuna mtu wa kunifundisha, na kitabu ambacho hakipo.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia watu wafanye biashara. Sijui watoto wa leo wanaelewa nini wakisikia neno hilo. Kwetu ilikuja kama mvua iliyochelewa: mara sabuni za rangi tatu, mara vitenge, mara redio zinalia kila kibaraza. Wenye maduka walitaka shelfu mpya, makabati ya vioo, milango miwili. Misumari ikaja ndani ya boksi, inang'aa, imenyooka yenyewe. Baba alifurahi mpaka akaimba. Mimi nilikaa na nyundo yangu ndogo nikaona nimeachishwa kazi.

Likizo hiyo alipata kazi ya shelfu kwenye duka moja Bunda, akanichukua. Tulipanda juu ya lori la mbao. Ulikuwa msimu wa pamba, na kuanzia mbali kabla ya kuingia mjini vichaka vya kando ya barabara vilikuwa vimeshika nyuzi nyeupe zilizodondoka kwenye magari. Sokoni kulikuwa na nguo za mitumba zimemwagwa juu ya maturubai. Mama mmoja mnene, mcheshi, alikuwa na meza iliyovunjika mguu, nguo zake zinaporomoka kila mteja akigusa. Baba hakuweza kupita meza iliyovunjika. Aliinama, akatoa nyundo, akaipigilia mguu mpya kwa kipande cha ubao.

Yule mama akanitazama. "Huyu ni wako? Haya, mwanangu, kule nyuma kuna boksi la vitabu, vinakujaga humo humo kwenye marobota. Chagua kimoja. Kimoja tu, vingine nafungiaga karanga."

Nilipiga magoti mbele ya lile boksi. Karibu vyote vilikuwa vya dini na vya mapishi ya vyakula nisivyovijua. Chini kabisa nikaona ile miraba. Nilihisi masikio yanapata moto. Vilikuwa viwili.

Cha kwanza kilikuwa chembamba, jalada limechanika, kurasa zimelegea. Ndani kulikuwa na picha za kete zenye nyuso za kuchekesha, punda anacheka meno nje, mishale mikubwa. Ubao wa kwanza ulikuwa umejaa kete pande zote mbili, mistari miwili miwili, kama drafti. Kwenye jalada kulikuwa na maneno ya Kiingereza rahisi, na niliyaelewa yote: kilikuwa kitabu cha wasiojua kitu kabisa.

Cha pili kilikuwa kinene, cha buluu, jalada gumu, herufi za dhahabu mgongoni. Kila ukurasa ulikuwa na ubao, na chini ya kila ubao maneno mazito ambayo sikuyaelewa hata nusu. Nilikinusa. Kilinukia ofisi.

Naomba mnielewe. Nilikuwa darasa la tano, wa kwanza darasani, na mwalimu mkuu alikuwa amenisimamisha mbele ya shule nzima. Mimi si mtu asiyejua kitu. Tena nilikuwa nakwenda kununua maisha yangu, na maisha hayanunuliwi kwa kitabu chenye punda anayecheka.

"Hicho chembamba ni kizuri," alisema yule mama. "Watoto wanakipendaga, wanakujaga kukitazama tu."

"Hiki," nikasema, nikiinua kile kinene.

Baba alikuwa anafuta mikono. Akavichukua vyote viwili, akavifunua kwa vidole vyake vyenye gundi. Yeye aliishia darasa la nne, Kiingereza hakukijua.

"Hiki chembamba kinasemaje?"

"Kinasema ni cha watu wasiojua kitu kabisa."

"Si ndiyo mimi huyo?"

"Baba, wewe hutasoma. Nitasoma mimi, halafu nikufundishe."

Akacheka kwa sauti, yule mama naye akacheka. "Haya, mwalimu. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Tulipokuwa tunaondoka nikageuka. Mpakiaji mmoja wa pamba alikuwa anapokea karanga, na yule mama alikuwa amechana ukurasa wa mwisho wa kile kitabu chembamba akaukunja kuwa koni. Sikusikia uchungu wowote. Nilibana kitabu changu kifuani, na njia nzima juu ya lori sikukiweka chini.

Butiama nilikisoma kwenye jiwe nyuma ya zizi la mbuzi, na kamusi ya shule pembeni. Bibi alinivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaanza.

"Nyamisi! Uji umeungua tena. Hicho kitabu kinakulishaga?"

"Nakuja, Bibi."

"Unasemaga unakuja. Mbuzi nao wanakusubiriga."

Tatizo ni kwamba kitabu hakikusema. Nilikipekua kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali palipoeleza ngome inaendaje wala punda anaendaje, kana kwamba msomaji alizaliwa akijua. Na kila ubao ulikuwa karibu mtupu. Mfalme mmoja huku, mfalme mmoja kule, askari mmoja au wawili katikati, basi. Kete nyingine zote hazikuonekana. Nililala nalo, nikaamka nalo, na siku ya tatu nikapata jibu nikiwa nachota maji. Drafti inaanza na ubao uliojaa kwa sababu drafti ni ya kulana. Ule ubao uliojaa wa kile kitabu chembamba nikauhesabu ni drafti tu ya wasiojua kitu; huu ni mchezo wa aina nyingine. Unaanza mtupu! Kete zimekaa nje zinasubiri, na kazi yenu ni kuziingiza. Kilichonihakikishia ni picha mbili zilizofuatana: katika ya kwanza askari amefika mstari wa mwisho, katika ya pili amesimama malkia mahali pale pale. Askari amezaa malkia. Niliacha ndoo nikarukaruka peke yangu kisimani.

Sikuona ajabu yoyote. Sote tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya shelfu tupu, na sasa vitu vilikuwa vinaingia kimoja kimoja. Mchezo unaoanza na kitu kidogo ukaishia na ubao uliojaa ulionekana kwangu ndio mchezo wa kweli kuliko yote.

Mahali kitabu kiliponyamaza nilitunga mwenyewe. Ngome haitembei, kwa kuwa ni nyumba. Punda anakwenda popote, kwa kuwa punda hana njia. Anayejaza upande wake kwanza ndiye mshindi. Niliandika sheria zote kwenye daftari, na juu nikaandika kwamba zimetoka kitabuni. Huo ulikuwa uongo, na mkono wangu ulijua ni uongo wakati unaandika.

Kisha nikamwandikia Baba barua kwenye karatasi ya daftari, nikampa dereva wa lori la pamba aliyekuwa anakwenda Musoma. Ilikuwa barua fupi. Nilimwamkia, nikampa salamu za mbuzi, nikasema: "Mchezo nimeshaujua wote. Usifundishwe na mtu mwingine, nisubiri mimi. Nitakuja na begi langu lote."

Likizo ilipofika nilifunga kweli begi lote, na blanketi juu. Bibi akatazama lile blanketi.

"Musoma kumekuwa baridi?"

"Upepo wa ziwani, Bibi."

Alikwenda kukoroga ugali akiwa amenipa mgongo.

Nilimkuta Baba ananisubiri kwenye mlango wa karakana, kisanduku kimeshafutwa, kimewekwa juu ya benchi. Nyuma ya karakana kulikuwa na tofali, mchanga na kuta zilizokwisha kuinuka, lakini sikuuliza, mambo ya tofali hayakunihusu. Nilikaa kama mwalimu, daftari mbele yangu. Baba alikaa mbele yangu, penseli nyekundu ya fundi nyuma ya sikio. Nikaweka wafalme wawili na askari wawili, nyingine zote nikazipanga nje ya ubao.

Alitazama ubao. Akatazama kete zilizopangwa nje. Akanitazama mimi.

"Zinaanza hivi?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Na huyu punda, anaendaje?"

"Popote. Punda hana njia."

Akamshika yule punda, akamgeuza kwenye vidole muda mrefu. Nikajifanya nasoma daftari.

"Sawa," akasema. "Hana njia."

"Halafu, Baba, nyeupe ndiyo inashinda. Chini ya kila picha wameandika nyeupe icheze, ishinde."

"Kila picha?"

"Kila picha."

"Basi wewe chukua nyeupe, mama."

Tulicheza likizo nzima. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi, wakanasa kwenye vanishi mbichi, Baba akalaani, akapiga msasa upya, akarudi kwenye benchi tukaendelea. Kila askari wangu alipofika mwisho aliniwekea mwenyewe yule malkia wa mvule, kwa heshima, kwa mikono miwili. "Kazaa," alisema. Siku ya mwisho, tumbo langu likiwa limeshaanza kuuma, alisukuma ubao pembeni akasimama.

"Basi, mama. Nimefundishwa."

Akanishika mkono akanipeleka nyuma. Palikuwa na chumba. Kilikuwa na kitanda cha mvule, dirisha linalotazama ziwa, mlango wenye komeo kwa ndani. Nilipiga chafya nikiwa nimesimama kizingitini, naye akacheka, akasema mbao zitakauka. Mtoto mwenye akili angejua kwamba chumba hakijengwi kwa siku moja. Mimi nilijua kitu kimoja tu: nimedanganya, na huu ndio ujira wa uongo wangu.

Siku ya kuaga Butiama ndiyo nisiyoisahau. Kwa mila za kule, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemeshani moja kwa moja. Baba alisimama nje ya ua wa minyaa, amegeukia barabara. Bibi alisimama ndani, amegeukia ghala. Mimi nilikuwa kwenye mwanya wa ua, napeleka maneno huku na huku, ingawa wote walikuwa wanasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie baba yako nimesikia amejenga."

"Baba, Bibi anasema amesikia umejenga."

"Mwambie ndiyo. Mwambie chumba kina dirisha na komeo, na jirani ni mama mtu mzima, amenikubalia kumwangalia mtoto."

Nikageuka, nikasema. Kuku walipita kati yetu.

"Mwambie mtoto huyu nilipewa mdogo, namrudisha mrefu. Asimlazege na njaa." Kisha, bila kunigeukia, akasema la kwangu mimi: "Utakujaga kunisalimia, Nyamisi?"

Nilimwahidi. Nilikwenda mara nyingi mwaka wa kwanza, mara chache wa pili. Alifariki nikiwa shule ya bweni, na nilichowaza kwenye basi la kwenda mazishini ni kwamba nisingedanganya kuhusu punda, Bibi asingezeeka peke yake na mbuzi. Nilimlilia kwa mapenzi na kwa hatia, na hatia ilikuwa kubwa zaidi.

Ukweli wenyewe niliukuta huko huko bwenini, kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu alileta sataranji siku ya Jumapili, akaanza kupanga kete, mistari miwili huku, mistari miwili kule. Nikanyoosha mkono nikamwambia amekosea, inaanza na wawili wawili. Bwalo zima lilicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza nimetoa wapi, nikamweleza kile kitabu cha buluu.

"Hicho ni kitabu cha mabingwa," akasema. "Kinaonyesha mchezo unavyoisha. Wewe umeuanzia mwisho."

Nilijifunza upya, haraka, kwa hasira. Nikafunga safari ya likizo nikiwa nimeamua kuungama. Nilifika karakana, Baba akaniona, akaosha mikono, akaenda moja kwa moja kushusha kisanduku. Akaweka wafalme wawili na askari wawili. Malkia wa mvule akamweka pembeni kwangu, tayari. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa na moyo wa kuigusa. Nilijiambia nikisahihisha mchezo nitakuwa nimebomoa chumba. Nilichukua nyeupe, nikacheza.

Nakumbuka jambo moja la likizo hiyo. Tukiwa katikati, Baba anafikiria kazi zake, mkono wake ulimpeleka punda hatua mbili mbele na moja pembeni, safi kabisa, kama mwalimu wangu wa hesabu. Kisha akashtuka akamrudisha.

"Nimekosea."

"Baba, punda hana njia," nikamtania.

"Kweli, hana."

Nikadhani ni bahati tu.

Na hivyo tukaenda miaka yote. Niliolewa, nikazaa, nikahamia mbali, na kila nilipokwenda kumwona kisanduku kilishuka. Nilikuwa naujua mchezo wa kweli vizuri, hata wanangu niliwafundisha, lakini kwa Baba nilicheza ule wa uongo, nikashinda kila mara. Mara ya mwisho alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, kucha bado zina vanishi. Askari wangu akafika mwisho. Alimtafuta malkia kwenye shuka, akamweka. "Kazaa." Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema tu, "Pumzika, Baba, nikija tena nitakwambia kitu." Sikuja tena, isipokuwa kuzika.

Sasa nirudi sakafuni, Jumamosi ile. Nilitoa randa, nikatoa patasi, nikatoa kisanduku cha sataranji nikakiweka mapajani. Chini yake kulikuwa na gunia lililokunjwa kutandika sanduku. Nililiinua nilikung'ute maranda, na kitu kikadondoka.

Kilikuwa kile kitabu chembamba. Jalada lililochanika lilikuwa limebandikwa upya kwa karatasi ya msasa, upande laini nje, kwa gundi ya mbao. Kurasa za mwisho hazikuwepo, zilikwenda na karanga. Lazima alirudi kwa yule mama siku alipokwenda Bunda kumalizia shelfu.

Alikuwa amekisoma kwa penseli nyekundu. Kando ya kila neno la Kiingereza ameandika la Kiswahili, kwa herufi kubwa za mtu wa darasa la nne: MFALME. NGOME INAENDA MOJA KWA MOJA. ASKARI HARUDI NYUMA. Aliuliza nani, sijui. Ubao wa kwanza, ule uliojaa kete zote, ameuzungushia duara. Kurasa zikaendelea hivyo, nyekundu, nyekundu, mpaka ule wa punda anayecheka, na hapo amechora mstari wake mwenyewe, hatua mbili mbele na moja pembeni. Ukurasa uliofuata ulikuwa safi. Na uliofuata. Hakukuwa na alama tena hadi mwisho.

Kati ya ukurasa wa punda na ule msafi kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa imekaa hapo muda mrefu kiasi cha kuacha umbo lake la manjano kwenye pande zote mbili. Niliutambua mwandiko kabla sijaifunua. Mchezo nimeshaujua wote. Usifundishwe na mtu mwingine, nisubiri mimi.

Alisoma barua yangu, akaacha kujifunza hapo hapo. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba ubao hauanzi mtupu, na kwamba punda ana njia. Akaketi mbele yangu, akasema sawa. Kumbe chumba alikuwa anakijenga hata kama nisingemfundisha kitu. Na yale mengine, ya baada ya punda, hakuyatafuta kwa mtu yeyote, kwa sababu nilimwomba asiyatafute. Mimi niliyajua tangu kidato cha pili. Nilikaa mbele yake miaka yote ile na sikumwambia.

Baba, nisamehe.

Watoto walikuwa nje. Nilifunua kile kisanduku juu ya meza, nikatoa kete zote, nikazipanga kama zinavyotakiwa, mistari miwili huku, mistari miwili kule, na malkia wa mvule kwenye mraba wake. Sikuwahi kuuona ubao ule ukiwa umejaa. Kisha nikauzungusha, nikavuta kiti, nikakaa upande wa nyeusi, aliokaa Baba siku zote. Nyeupe ndiyo inayoanza. Nikasubiri.